Mikaeli, Maziwa na Honi ya Fuso

Gluk.

Sauti ilikuwa ndogo, kama maji yanayotoka kwenye dumu lenye mdomo mwembamba. Ilisikika gizani, upande wa kulia wa kitanda. Felista hakuhitaji taa kujua ni nini. Alinyoosha mkono, akagusa shingo ya mtoto wake. Imelowa. Akagusa kanga aliyoitandika chini yake muda si mrefu. Nayo imelowa.

"Tena, baba?" alinong'ona. "Jamani, tena?"

Mikaeli hakulia. Alikuwa na wiki tisa tu tangu azaliwe, na kutapika kwake wala hakukumsumbua. Alirusha miguu, akalitafuta ziwa la mama yake.

Nje kulikuwa kunaanza kupambazuka. Ilikuwa Jumanne, na kule Mgeta Jumanne na Ijumaa ni siku za fuso. Gari hilo hupanda kutoka mjini Morogoro, hugeuza pale barabara inapoishia, hupakia kabichi, karoti na njegere, kisha huteremka nazo kuelekea soko la Dar es Salaam. Dereva wake anaitwa Stambuli. Stambuli hasubiri mtu, ila ana utaratibu wake. Hupiga honi tatu. Ya kwanza, funga matenga yako. Ya pili, uwe njiani. Ya tatu, ukichelewa, kabichi zinabaki zinakutazama.

Honi ya kwanza ililia bondeni.

Felista alitoka uani mbio na mtoto mkononi. Alikaa juu ya tenga tupu lililogeuzwa. Akakunja mgongo, akamlaza Mikaeli mapajani na kumpa ziwa. Mkono mmoja ulimshika mtoto, mwingine ulikaza kamba kwenye tenga la kabichi. Mikaeli alinyonya haraka haraka, kama vile na yeye anawahi gari.

Honi ya pili.

Felista akamchomoa, akamtupia mgongoni, akaikaza mbeleko. Akainama, akanyanyua tenga, akajitwisha. Mumewe Alois alikuwa tayari njiani na tenga lake begani.

Njia ya kwenda barabarani ni mteremko mkali, wenye ngazi za udongo. Ngazi ya tatu tu, gluk. Maziwa ya moto yakamwagika shingoni mwa Felista, yakaingia ndani ya blauzi.

Nyuma yake alikuwa akija jirani yao, Asia, na karoti zake kichwani.

"Mama Joyce," Asia aliita. Joyce ni binti mkubwa wa Felista, ana miaka minne. "Mbona huyo mtoto kila siku anatapika? Mwangalie vizuri. Usikute kabemendwa."

Alois alisikia. Aliongeza hatua, wala hakugeuka nyuma.

Neno hilo lilimchoma Felista. Watu husema mtoto akibemendwa, kosa ni la wazazi: wamelala pamoja kabla mtoto hajaacha kunyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Na neno hilo lilikuwa limekwishaingia nyumbani kwao. Bibi Rosa, mama yake Felista, alikuwa amelisema wiki mbili zilizopita. Siku hiyohiyo Alois alihamishiwa jikoni. Tangu hapo alilala juu ya magunia, kando ya mafiga, akiamka na majivu kwenye nywele.

Angefanyaje? Nyumba na shamba vilikuwa vya ukoo wa Bibi Rosa. Alois alihamia hapo alipooa. Bibi Rosa akisema jambo, limesemwa.

* * *

Pale barabarani, Mwamvita alikuwa akimsindikiza mama mjamzito aliyekuwa anakwenda mjini. Mwamvita ni mhudumu wa afya ya jamii. Ni mtu wa Mkuyuni, ameolewa huku juu, na milima hii anaipanda na kuishuka akiwa na begi lake la bluu mgongoni. Aliona blauzi ya Felista iliyolowa.

"Hiyo ni mvua au ni Mikaeli?" aliuliza.

"Ni Mikaeli, dada." Felista alijaribu kucheka. Badala yake machozi yakamlengalenga. "Dada Mwamvita, maziwa yangu yameharibika. Kila anachonyonya anarudisha. Mama anasema leo ataanza kumpa uji. Amekwishasaga ulezi."

"Leo hii?"

"Leo hii. Na mimi sijui nimkatalie vipi. Amelea watoto saba."

Mwamvita aliweka mkono kwenye bega lake lililo kavu.

"Nenda nyumbani. Namaliza hapa, nakuja. Usimbishie mama. Mwambie tu nakuja kunywa chai."

* * *

Felista aliporudi, uji ulikuwa tayari. Ulikuwa mwepesi, umewekwa kwenye kikombe cha bati, na kijiko kidogo kando yake. Bibi Rosa alikuwa amekaa kwenye kigoda akiupuliza.

"Mlete," alisema.

"Mama, dada Mwamvita anakuja. Tumngoje kidogo."

"Anakuja kufanya nini? Mtoto ni wa kwake?" Bibi Rosa alinyoosha mikono. "Mwanangu, tumbo la huyu ni jepesi. Maziwa peke yake yanaelea. Uji utayakalia, yatulie. Wewe mwenyewe nilikupa uji hujatimiza miezi miwili, na tazama ulivyo."

Felista alimshikilia Mikaeli kifuani. Alijua mama yake anampenda mtoto huyu. Hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu. Ingekuwa ni chuki, angesema hapana na kuondoka. Lakini nani anaukataa uji uliopulizwa kwa upendo?

Alisimama. Alikaa. Alisimama tena. Bibi Rosa akachota kijiko cha kwanza.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu!" Felista alijibu kwa sauti kubwa mno, hata Joyce akashtuka.

Mwamvita aliingia uani, akavua viatu vyenye tope. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na begi lako la sindano?"

"Leo nimekuja na njaa, bibi. Huo uji wa nani?"

"Wa mgonjwa."

"Mgonjwa ni nani? Huyu kibonge?" Mwamvita alimpokea Mikaeli, akambeba kwa kumpima uzito mikononi. "Felista, naomba kadi yake ya kliniki."

Kadi ililetwa. Mwamvita aliifungua pale penye mistari ya uzito, akamsogelea Bibi Rosa ili waitazame pamoja.

"Bibi, hapa ndipo alipozaliwa. Kilo tatu. Hapa ndipo alipopimwa juzi. Kilo tano na robo. Umeona mstari wake unavyokwenda?"

"Unapanda."

"Unapanda kama njia ya kuja kwenu. Mtoto ambaye chakula chote kinatoka, mstari wake ungelala. Huyu anashiba. Anachorudisha ni kidogo."

"Kidogo!" Bibi Rosa alikuja juu. "Mimi ndiye ninayefua hizo kanga. Kila siku kikombe kizima!"

Mwamvita hakubisha. Aliomba maji kwenye kijiko na kanga kavu. "Bibi, mwaga mwenyewe. Kijiko kimoja tu."

Bibi Rosa akamwaga. Maji yakatambaa kwenye kitambaa. Doa likatanuka mpaka likawa kubwa kuliko kiganja chake. Alilitazama, akaukunja mdomo.

"Hm," alisema. "Hicho ni kijiko cha chai tu?"

"Hicho hicho chako."

Kisha Mwamvita alimgeukia Felista, akaanza kumuuliza pole pole. Maziwa yanaruka kwa nguvu na kufika mbali, au yanachuruzika? Yanachuruzika. Yana rangi ya kijani, au damu? Hapana, ni meupe, wakati mwingine yameganda. Anakojoa?

"Huyo?" Bibi Rosa alidakia. "Nepi sita, saba kwa siku. Na ukungu huu hazikauki!"

"Vizuri sana. Ana homa? Anakataa ziwa?"

"Ziwa halikatai," Felista alisema. "Ananyonya kama mwizi."

Mwamvita akacheka. "Kama mwizi? Hebu nionyeshe. Mnyonyeshe kama ulivyomnyonyesha leo asubuhi. Usibadilishe kitu. Joyce, wewe ndiye Stambuli. Unajua kupiga honi?"

Joyce hakusubiri kuambiwa mara mbili. "Piiiii!"

Felista aliona haya, lakini alicheza mchezo. Alikaa juu ya tenga, akakunja mgongo, akamlaza mtoto mapajani. Mikaeli akadaka ziwa. Kwa tabia tu, mkono wa Felista ukatafuta kamba ya kufunga.

"Piiiii!" Joyce alipiga ya pili, akizunguka uwanja kama gari.

Felista akamchomoa mtoto, akamtupia mgongoni, akaikaza mbeleko, akainama kunyanyua tenga.

Gluk.

Maziwa yakateremka shingoni mbele ya wote. Joyce alisimama katikati ya uwanja na mdomo wazi. Halafu Bibi Rosa akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Felista naye akacheka, huku maziwa yakimdondoka kwenye kidevu.

"Basi umeona," Mwamvita alisema wote walipotulia. "Bibi, dumu likijaa maji mpaka mdomoni, halina kifuniko, na wewe ukaliinamisha na kulikandamiza, maji yatakwenda wapi?"

"Yatatoka."

"Sasa tumbo la mtoto mchanga ndilo hilo dumu. Pale juu kuna kama kimlango. Kwetu sisi wakubwa kimlango kinafunga. Kwa mtoto bado kimelegea. Ndiyo maana watoto wengi wachanga wanacheua. Huu si ugonjwa. Akikua, akaanza kukaa mwenyewe, kinakaza. Wengi huacha kabisa kabla au karibu na kutimiza mwaka. Maziwa ya Felista ni mazima. Lakini Mikaeli ananyonya mbio, anameza na hewa, halafu anafungwa tumbo na kuteremshwa mlima."

"Kwa hiyo hajabemendwa?" Bibi Rosa aliuliza kwa sauti ya chini, akitazama jikoni.

Huko jikoni kelele za sufuria zilinyamaza ghafla. Alois alikuwa anasikiliza.

"Bibi," Mwamvita alisema, "kimlango cha tumbo la mtoto hakijui baba analala wapi."

* * *

Uji ulikuwa bado kwenye kikombe. Mwamvita alikigusa kwa kidole.

"Na huu nisikufiche, bibi. Tumbo lake bado halijawa tayari kwa uji. Utamharisha, na utachukua nafasi ya maziwa yaliyomfikisha kilo tano. Mpaka atimize miezi sita ni ziwa tu. Hata maji bado. Akifika miezi sita, uji wake wa kwanza utaupika wewe."

Bibi Rosa aliutazama uji. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Nimewalea saba kwa uji," alisema. "Kwa hiyo nilikuwa nawadhuru?"

Felista alitaka kusema kitu. Mwamvita akamtangulia.

"Ulifanya kwa ulichokijua, na ulifanya kwa moyo. Hebu niambie. Ukishamaliza kuwanyonyesha, ulikuwa unafanya nini?"

Bibi Rosa alifikiri. "Mimi? Nilikuwa nashika jembe. Mtoto alichukuliwa na mama yangu. Alimweka hapa." Alijigusa bega. "Alitembea naye uani akimpigapiga mgongo mpaka atoe hewa. Wakati mwingine alikuwa naye mpaka mimi nimemaliza tuta zima. Hapakuwa na honi siku zile. Kabichi tulizila wenyewe."

"Bibi," Mwamvita alisema, "dawa ya Mikaeli ndiyo hiyo uliyoisema."

Bibi Rosa alilitazama bega lake mwenyewe kana kwamba ni la mtu mwingine.

Halafu Mwamvita alimkalisha Felista vizuri, mgongo ukiegemea ukuta. Alimwinua Mikaeli ili kichwa kiwe juu kuliko tumbo. "Mnyonyeshe kabla hajalia kwa njaa. Akiwa na njaa kali anameza hewa nyingi. Afadhali mara nyingi, kidogo kidogo. Akimaliza ziwa moja, pumzika, mwinue atoe hewa. Akishiba, akae wima karibu nusu saa. Begani, au kifuani."

"Nusu saa naipimaje?" Felista aliuliza. "Simu ya Alois haina chaji tangu juzi."

"Unatumia muda gani kufunga matenga mawili?"

"Kama nusu saa hivi."

"Basi bibi anamshika, wewe unafunga. Matenga mawili yakikamilika, muda umetimia. Ndipo umbebe mgongoni. Mbeleko imshike asidondoke, isimbane tumbo. Ukitaka kuokota kitu, chuchumaa, usiiname."

"Na usiku?" Bibi Rosa alidakia. "Mimi huwa namlaza kifudifudi asipaliwe."

"Hapana bibi, huko kifudifudi ndiko anakoweza kukosa pumzi. Mlaze chali, kwenye godoro lililo sawa, bila mto. Akicheua, koo lake linajua kujikinga."

Mwamvita alipoaga, alipita jikoni. Alois alikuwa anajifanya anachochea moto uliokwisha kuwaka vizuri.

"Baba Joyce, wewe ndiye mwenye miguu. Sikiliza. Mtoto akitapika kwa nguvu mfululizo, au akitapika kijani au damu, usingoje. Akikataa kunyonya, akilegea, akiwa na homa, tumbo likivimba, akipumua kwa shida, akipunguza kukojoa au uzito ukisimama, mbebe mwende zahanati siku hiyohiyo."

Alois aliyarudia yote kwa kuhesabu vidole. Vidole vikamwishia, akaanza upya.

Uji aliunywa Joyce, na kikombe akakilamba.

* * *

Ijumaa ilifika. Felista aliamka mapema kidogo kuliko siku zote. Mikaeli alikuwa anafungua macho, bado hajalia. Alimnyonyesha akiwa ameegemea ukuta. Ziwa moja, akamwinua, akatoa hewa. Ziwa la pili. Kisha akamkabidhi kwa Bibi Rosa, akaenda kufunga matenga.

Alikuwa amefunga moja tu, honi ya kwanza ikalia. Stambuli alikuwa amewahi.

Felista aliharakisha. Kamba ikamponyoka, kabichi mbili zikabingirika. Honi ya pili. Zile kabichi zilikuwa kazi ya miezi mitatu. Zikikosa gari leo, mpaka Jumanne zitakuwa zimenyauka. Alinyoosha mikono.

"Mama, mlete! Nachelewa!"

Bibi Rosa alikuwa akitembea uani pole pole. Mikaeli alikuwa wima begani mwake, kidevu kikiwa juu ya kanga.

"Tenga la pili limekamilika?"

"Bado, lakini..."

"Basi na yeye bado."

"Mama, gari litatuacha!"

"Alois!" Bibi Rosa aliita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki mbili kumwita kwa jina. "Beba hilo moja, kimbia. Mwambie Stambuli ninakuja kumsalimia. Akiondoka kabla sijafika, namfuata mpaka Dar es Salaam na bakora yangu."

Alois alitupa tenga begani, akateremka kama mbuzi. Felista alibaki akifunga. Fundo moja. Fundo la pili. Kule uani alisikia mama yake akiimba chinichini na kupigapiga kale kamgongo. Kisha akasikia kasauti kengine kadogo.

"Bhee."

"Hewa," Bibi Rosa alitangaza. "Hewa tupu. Endelea kufunga."

Tenga lilipokamilika, ndipo Bibi Rosa alipomweka Mikaeli mgongoni mwa Felista na kuiangalia mbeleko mwenyewe, isilegee, isibane. Felista alichuchumaa, akajitwisha, akashuka ngazi za udongo. Ya kwanza. Ya tatu. Ya kumi. Alisubiri maziwa ya moto shingoni. Hayakuja.

Barabarani, Alois alikuwa amesimama mbele ya fuso, mikono kiunoni. Stambuli alikuwa amechungulia dirishani.

"Mama Joyce, mumeo anasema mkwe wake anakuja na bakora. Ni kweli?"

"Yuko njiani," Felista alisema.

"Pakieni upesi, jamani!"

Asia, aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake, aliitazama blauzi ya Felista. Aliizunguka, akaitazama na nyuma. Jumanne iliyofuata ndipo alipomwita Felista kando na kumuuliza walimpa mtoto dawa gani, maana dada yake ana wa kwake huko Kinole anayecheua vilevile.

"Bega la bibi," Felista alimjibu, akamweleza yote.

Siwezi kusema Mikaeli aliacha siku ileile. Zilikuwepo siku alizocheua mara mbili, tatu. Lakini Felista hakulia tena. Alifuta, akambadilisha kanga, akaendelea. Kliniki ya mwezi uliofuata ilimkuta na kilo sita. Alois alikuwa amekwisharudi chumbani, kichwa safi bila majivu.

Jumapili moja walikwenda kanisani wote. Bibi Rosa alivaa kitenge kipya. Felista alikuwa amenyonyesha muda mfupi kabla ya kuingia, na Mikaeli alikuwa wima begani mwa bibi yake, akiwatazama waumini waliokaa nyuma. Baada ya komunyo kanisa zima lilinyamaza kwa sala. Hakuna aliyekohoa.

"Bheee!"

Sauti ilijaa kanisa. Vichwa vikageuka. Bibi Rosa alikakamaa. Hakuthubutu kusogea, wala kujigusa, wala kupumua. Felista naye alifumba macho.

Joyce akapanda juu ya benchi. Akaukagua mgongo wa bibi yake kutoka begani mpaka kiunoni, bila haraka. Kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi altareni:

"Bibi, uko mkavu."